Kufukuzwa Kazi Hakumfanyi Mtu Kuwa Mwongo



Kuna jambo limenikera kwa muda mrefu na leo nimeamua kulitoa, maana kukaa nalo moyoni hakunisaidii. Kila wanapotajwa wale vijana wa Nairobi waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook, hawakosi kutokea Waswahili wenzetu, tena wengine wamekaa zao Birmingham au Dallas, wakaja na jibu moja tu: "Huyo si alifukuzwa? Ana hasira zake." Basi, wanadhani wamemaliza kazi. Lililosemwa hawalijibu, wanamjibu aliyesema. Ukiwaambia hivyo wanakuita mwanaharakati, neno ambalo siku hizi limegeuka kuwa tusi.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Sisemi kwamba kila mtu aliyeacha au kuachishwa kazi anasema kweli akizungumzia alikotoka. Wapo wanaokosa cheo wakaenda kumpaka matope tajiri wao, tunawajua, na wengine tumefanya nao kazi. Ninachokataa ni huu mtindo wa kuchukua barua ya kufukuzwa na kuigeuza kuwa cheti cha uongo. Barua ile imeandikwa na nani? Imeandikwa na yuleyule anayelalamikiwa! Sasa mshitakiwa akijiandikia mwenyewe ushahidi, sisi tulio mbali tunaupokea na kuupigia makofi. Hivi kweli?

Kwa wasiolijua suala lenyewe, nitaeleza kwa kifupi.

Daniel Motaung ni kijana wa Afrika Kusini. Mwaka 2019, akiwa hana muda mrefu tangu atoke chuo kikuu, alichukuliwa kwenda Nairobi na kampuni ya Sama, yenye makao yake San Francisco. Sama zamani iliitwa Samasource. Ilianzishwa mwaka 2008 na marehemu Leila Janah kwa nia ya kuwapa watu maskini kazi za kompyuta, na hujitangaza kuwa kampuni inayoajiri kwa maadili. Kazi yenyewe ilikuwa kukagua yanayowekwa Facebook kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa lugha za huku ikiwemo Kiswahili chetu, na kuamua kipi kibaki na kipi kiondolewe. Motaung ameeleza kwamba video ya kwanza aliyokutana nayo kazini ilikuwa ya mtu kukatwa kichwa. Mwaka huohuo aliwakusanya wenzake zaidi ya 100, wakaandika madai ya mshahara na hali bora, na wakawa tayari kugoma. Akasimamishwa, kisha akafukuzwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba amehatarisha uhusiano wa kampuni na mteja wake. Februari 2022 jarida la Time la Marekani likaandika habari hizo kwa urefu, na Mei mwaka huo Motaung akafungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na dhidi ya Meta, mwenye Facebook.

Yaliyoandikwa na Time hayakuwa maneno ya jumla ya "tulinyanyaswa". Yalikuwa mambo yanayopimika. Kwamba baadhi ya vijana waliitwa kwa tangazo la kazi ya kupokea simu, wakajikuta mbele ya video za mauaji na za watoto wanaodhulumiwa. Kwamba wapo waliokuwa wakipeleka nyumbani kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Kwamba walitakiwa kuamua juu ya video moja kwa wastani wa sekunde 50, hata kama video yenyewe ni ndefu kuliko hapo. Kwamba mapumziko ya kupata nafuu ya akili yaliyopendekezwa na washauri yalikuwa yakikataliwa na mameneja.

Kampuni ilijibuje? Ilisema si kweli kwamba watu waliajiriwa kwa kudanganywa, si kweli kwamba hawakuhudumiwa, wala si kweli kwamba mshahara ulikuwa mbaya. Sawa, ni haki yao kukanusha. Lakini tazameni mfuatano wa mambo, na hapa naomba utulivu. Wiki chache tu baada ya kukanusha, Sama ikawapandishia wachujaji mshahara kwa kati ya asilimia 30 na 50. Januari 2023 ikatangaza kwamba inaacha kabisa kazi ya kuchuja maudhui, na watu kama 260 wakaambiwa kazi imekwisha. Agosti 2023 mkuu wa kampuni hiyo, Bi Wendy Gonzalez, akaiambia BBC kwamba kama angejua wakati ule anayoyajua sasa, asingeuchukua mkataba ule.

Sasa jamani, tuhesabu pamoja. Mtu anakwambia paa lako linavuja. Unamwambia ni mwongo, una ushahidi kuwa anakuchukia. Wiki inayofuata fundi yuko juu anapiga bati. Mwaka unaofuata umehama nyumba. Miezi saba tena unawaambia watu laiti usingeinunua. Na bado kuna mpita njia anayesimama barabarani kusema yule aliyetaja mvujo alikuwa na hasira! Huyo mpita njia ndiye ninayemjibu leo, maana mwenye nyumba mwenyewe ameshaondoka kwenye ule ubishi.

Wapo watakaosema mshahara hauthibitishi lolote, kampuni inaweza kuongeza kwa huruma. Inaweza. Lakini huruma hiyo ilikuwa wapi tangu 2019, walipoombwa kwa adabu na watu zaidi ya 100 ndani ya jengo lao? Ilisubiri jarida la Marekani. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba ilikuwa huruma, iliamshwa na mlalamikaji yuleyule anayeitwa mwongo.

Tuje kwenye jibu la pili wanalolipenda: kwamba mshahara ule ulikuwa mara tatu ya kima cha chini cha Kenya. Hilo kampuni imelisema, na wenzetu wamelidaka kama kuku aliyeona punje. Mimi siwezi kulipinga kwa tarakimu hapa, wala sihitaji. Nauliza tu, kwa nini tupime kwa kima cha chini? Kima cha chini ni cha mtu anayeanza kazi isiyohitaji ujuzi. Hawa walitafutwa kwa sababu ya lugha zao, wengine wakavushwa mipaka, wengi wakiwa wamesoma. Kipimo cha haki ni kazi ileile kwa mteja yuleyule. Na kipimo hicho kipo. Mei 2019, mwaka uleule Motaung alipofika Nairobi, Facebook yenyewe ilitangaza kwamba wachujaji wake wa Marekani walioajiriwa kupitia makampuni ya kati watapandishiwa malipo hadi kufikia angalau dola 18 kwa saa katika miji ya huko, na 22 katika miji ghali kama New York. Kumi na nane kwa moja na nusu, mara kumi na mbili. Najua gharama za maisha si sawa, msiniandikie kunifundisha hilo, mimi ndiye ninayelipa pango la nyumba Uingereza. Lakini video ya mtoto anayeumizwa haina bei nafuu kwa sababu unaiangalia ukiwa Nairobi. Ubongo ni uleule.

Na Facebook ilijua kazi hii inaumiza, hapakuwa na siri. Mwaka 2018 huko California mchujaji mmoja wa zamani aliishitaki kwa madhara ya akili aliyoyapata kazini, wenzake wakajiunga, na mwaka 2020 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi. Huyo naye alikuwa "mfanyakazi wa zamani". Sikuwasikia wenzetu wakisema ana hasira zake. Au hasira ni ugonjwa wa Waafrika peke yao?

Kwa kweli hii mbinu ya kumjibu mtu badala ya hoja haikubuniwa Nairobi, na ndiyo maana inanishangaza kuona tunaibeba kama vile ni busara yetu. Oktoba 2021 Frances Haugen, Mmarekani, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alikwenda mbele ya Baraza la Seneti la Marekani akiwa amekwisha kutoa maelfu ya kurasa za nyaraka za ndani. Jibu la kampuni siku ileile lilikuwa kwamba alifanya kazi kwao chini ya miaka miwili, hakuwa na watu chini yake, wala hakuwahi kukaa kwenye vikao vya wakubwa. Nyaraka je? Kuhusu nyaraka, ikawa ni maelezo ya jumla. Angalieni ujanja uliomo humo. Ukiwa umefanya kazi muda mfupi, huna unalolijua. Ukiwa umekaa miaka kumi, mbona ulinyamaza muda wote huo? Ukiwa mdogo, hukuwa kwenye vikao. Ukiwa mkubwa, wewe ni sehemu ya kosa. Ukiwa bado kazini unavunja siri za mwajiri, ukiwa umetoka una kinyongo. Nionyesheni basi ni mfanyakazi yupi anayeruhusiwa kulalamika, nimtafute!

Tofauti ni kwamba Haugen alisikilizwa na maseneta. Motaung, baada ya kufungua kesi, mawakili wa Meta walikwenda kumwomba jaji amzuie yeye na wanaomuunga mkono wasizungumze na vyombo vya habari, na Time iliripoti kwamba waliomba mahakama "ichape mjeledi". Ndiyo, mjeledi, Nairobi, mwaka 2022. Sina la kuongeza hapo.

Halafu kuna jibu la "alisaini". Eti mtu akishasaini mkataba na kukubali kutunza siri, ameuza ulimi wake. Ndugu zangu wabeba maboksi wenzangu, hili nilidhani sisi ndio tungekuwa wa kwanza kulicheka. Wangapi kati yetu tulisaini makaratasi ya wakala wa kazi tukiwa tumesimama kwenye korido, saa kumi na moja alfajiri, gari la kutupeleka ghalani likiwa linaunguruma nje? Nani alisoma ukurasa wa saba? Nakumbuka mimi nilisaini karatasi inayoniruhusu kufanya kazi zaidi ya saa 48 kwa wiki, ambayo kwa sheria ya Uingereza ni hiari ya mfanyakazi, na aliyenipa hakusema neno hilo la hiari. Nilikuja kulijua miezi mingi baadaye kwa mwenzangu Mpolandi. Sasa mtu aliyepita njia hiyo anawezaje kusimama na kumwambia kijana wa miaka ishirini na kitu, mgeni Nairobi, kibali chake cha kuishi kikitegemea ajira ile, kwamba "si ulisaini"?

Isitoshe sheria ya Kenya haikubaliani nao. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya mazingira ya haki kazini, ya kujiunga na chama, na ya kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inataja sababu ambazo haziwezi kuwa sababu halali za kumfukuza mtu, na mojawapo ni kumlalamikia mwajiri, isipokuwa kama malalamiko hayana msingi. Kwa hiyo swali la mahakama si kama Motaung alifukuzwa. Hilo hakuna anayelibisha. Swali ni alifukuzwa kwa nini. Wenzetu wanaotumia kufukuzwa kwake kama jibu wanachukua lile ambalo ndilo kesi yenyewe na kuligeuza kuwa hukumu.

Na kuna sababu rahisi kwa nini wanaosema mara nyingi ni wa zamani. Aliye ndani ana mkataba wa siri, ana kodi ya nyumba, ana wadogo zake wanaosubiri ada. Wachujaji walioachishwa na Sama waliomba kazi kwa Majorel, kampuni ya Luxembourg iliyopewa kazi ileile baada yake, na wanadai mahakamani kwamba iliamriwa isiwachukue waliotoka Sama. Madai hayo mahakama itayapima. Lakini kijana aliye kazini akisikia tu hivyo, atafungua mdomo? Ukisema sauti ya aliyetoka haifai, na ya aliye ndani haipo, umebakiwa na sauti ya kampuni peke yake. Labda ndicho kinachotakiwa.

Nakiri kwamba hoja yao moja ina uzito, nayo ni ile ya ajira. Vijana wetu hawana kazi, na tukiwakimbiza hawa watakwenda kwingine. Sama ilipofunga idara ile, watu kweli walipoteza riziki. Hoja hii siidharau, imetoka kwa watu ambao kila mwezi wanatuma fedha nyumbani na wanajua njaa inafananaje. Imefika hadi juu: Desemba 2024 Rais Ruto mwenyewe alizungumzia hadharani kubadilisha sheria ili kampuni zinazoleta kazi za aina hii zisisumbuliwe tena mahakamani na wafanyakazi wa waliowapa kandarasi. Lakini ifuateni hoja hiyo mpaka mwisho. Inasema: tuwape kazi yenye sumu bila haki ya kulalamika, maana wakilalamika sumu itapelekwa kwa jirani. Hiyo si sera ya ajira. Ni sisi kushindana na jirani nani atakubali kuumia kwa bei ndogo zaidi. Wenye mashamba ya mkonge walitufanyia hesabu hiyo zamani, babu zetu wakaikataa kwa migomo, na leo wajukuu tunaitetea kwa Kiingereza kizuri.

Mwajiri anayesingiziwa ana njia ya kujisafisha, tena nyepesi. Atoe tangazo la kazi kama lilivyochapishwa, tusome kama linasema kupokea simu au linasema kuangalia maiti. Atoe hati za mishahara. Atoe daftari la zamu, tuone dakika za mapumziko zilizoombwa na zilizokubaliwa. Aseme alikuwa na washauri wangapi kwa wafanyakazi wangapi, na wenye sifa gani. Hayo yote yamo kwenye kabati lake, mfanyakazi hana. Kampuni yenye makaratasi safi huyatandika mezani, na mlalamikaji mwongo anaumbuka mchana kweupe. Ukiona makaratasi hayatoki ila inatoka historia ya tabia ya mlalamikaji, wewe mwenyewe changanya na za kwako.

Kuhusu kesi zenyewe, Meta ilitumia nguvu nyingi kusema kwamba haihusiki, kwamba yenyewe si mwajiri na haina ofisi Kenya. Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri alikataa kuiondoa. Machi mwaka huo wachujaji wengine zaidi ya 180 wakafungua kesi yao kuhusu kuachishwa. Yakajaribiwa mazungumzo ya upatanishi, Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga akiwa mmoja wa wapatanishi, yakavunjika Oktoba. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushitakiwa Kenya. Zimekwenda takribani miaka miwili na nusu kuamua tu kama mlango ufunguliwe. Halafu mtu ananiambia huyu kijana alifanya hivi kwa kutafuta pesa za haraka! Haraka gani hiyo?

Desemba 2024 ikafika mahakamani taarifa ya daktari Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Aliwapima wachujaji waliokuwa Sama, na zaidi ya 140 wakakutwa na ugonjwa wa kiwewe, ule ambao askari hurudi nao kutoka vitani. Wengi wao hali ilikuwa mbaya, na walikuwa wameshaacha kazi ile zaidi ya mwaka. Haya, hapo nako tuseme wote 140 wana hasira? Daktari naye alifukuzwa na Sama?

Wakati tunabishana hapa kazi yenyewe imehama. Aprili 2025 gazeti la Guardian la Uingereza liliandika kwamba uchujaji wa Facebook unafanyika Accra, Ghana, chini ya Majorel, ambayo tangu mwishoni mwa 2023 ni mali ya Teleperformance ya Ufaransa. Vijana wa huko wameeleza video zilezile, usingizi uleule unaopotea, na mshahara usiotosha kuishi, na wakati huo mawakili walikuwa wakiandaa kesi. Kampuni imekanusha na kusema huduma za ushauri zipo. Kati ya waliosema yumo anayedai aliachishwa kazi baada ya kujaribu kujiua.

Nangoja kuona nani kati yetu atakuwa wa kwanza kusema na huyo ana hasira zake.

Nawasilisha.